Wati 15 Zatosha: Maswali Yenu Kuhusu Risiva za Zamani na Hedifoni

Barua nyingi mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaotaka kusikiliza muziki kwa hedifoni kupitia risiva (redio na amplifaya ndani ya kisanduku kimoja) za miaka ya 1970 na 1980, zile zenye uso wa alumini na mshale wa kutafutia stesheni. Tumechagua maswali yanayogusa wengi. Mengine tumeyajibu kwa mistari michache; mengine tumeyapa nafasi, maana ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Nina hedifoni za Audio-Technica ATH-M50x. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, ana risiva mbili: Pioneer SX-450 na SX-950. Ananiambia ile ndogo haina nguvu ya kusukuma hedifoni, nichukue kubwa. Bei zake ni mbingu na ardhi. Nimwamini?
Msomaji, Umoja

Usimwamini. SX-450 ni ya wati 15 kwa kila chaneli na SX-950 ni ya wati 85, zote zikipimwa kwa spika za omu 8 (omu hupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyobana umeme). Ila wewe hununui kwa ajili ya spika. Katika risiva hizi tundu la hedifoni halina amplifaya yake. Waliozitengeneza walichukua sauti ile ile inayokwenda kwenye spika, wakaipitisha kwenye rezista (kijenzi kidogo cha kubana umeme), kwa kawaida ya kati ya omu 220 na 470 kwa kila chaneli, kisha wakaifikisha kwenye tundu. Rezista hiyo ndiyo inayotawala mambo kuliko wati.

Tupige hesabu tukichukulia rezista ni ya omu 330. Wati 15 kwa omu 8 ni kama volti 11. Hedifoni zako ni za omu 38, kwa hivyo zinapata mgawo wa 38 kwa 368, yaani volti 1.1 hivi, sawa na miliwati 33. Kwa SX-950 volti ni 26 na mgawo wako ni volti 2.7, miliwati 190. Sasa tazama usikivu wa M50x: desibeli 99 kwa miliwati 1. Ile ndogo inakufikisha desibeli 114, kubwa inakufikisha 122. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, hupendekeza usizidishe dakika 15 kwa siku kwa desibeli 100. Risiva zote mbili zinaweza kukuharibia masikio. Unacholipia zaidi ni desibeli nane ambazo hutazitumia kamwe.

Hedifoni za ukinzani mkubwa ndizo zinazofaidi zaidi tundu la aina hii. Sennheiser HD 600 ni za omu 300, na simu nyingi huzishindwa. SX-450 hiyo hiyo inazipa volti 5.2, ambazo zinatosha kufika desibeli 111. Ndiyo maana mtu mwenye HD 600, au Beyerdynamic za omu 250 na 600, au AKG K240 za zamani za omu 600, hufurahia risiva ya zamani kuliko mwenye hedifoni za omu 32.

Kwa hivyo tafuta ya wati 15 hadi 35 iliyo katika hali nzuri. Pioneer SX-450, SX-550 au SX-650. Marantz 2215B, 2220B au 2230. Hizo zinatosha na kubaki. Risiva kubwa ina transista nyingi zaidi, joto zaidi, uzito wa kuumiza mgongo na kapasita (vihifadhi umeme) za bei. Fedha unayookoa ipeleke kwa fundi.

Jambo moja kuhusu namba hizo: usizilinganishe na zile za PMPO (wati za kilele zilizotiwa chumvi) zinazoandikwa kwenye maboksi ya wufa za siku hizi. Marekani ilianza kuwabana watengenezaji mwaka 1974 kwa kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu ya amplifaya, na wati 15 za risiva ya 1976 ni wati 15 kweli kweli, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja.

Risiva yangu na hedifoni za omu 32: besi imevimba, na nikigusa nobu ya sauti kidogo tu kelele inaruka. Chini kabisa sikio la kushoto linasikia na la kulia kimya. Je, ni mbovu?
Msomaji, Kasarani

Huenda si mbovu. Una matatizo matatu, na mawili yanaponywa na rezista mbili za bei ya chini kabisa.

Besi kwanza. Ukinzani wa hedifoni haukai mahali pamoja. Kwa nyingi hupanda kwenye besi. Tuseme zako ni omu 32 katikati ya muziki lakini hufika 60 kwenye besi. Zikipitia rezista ya omu 330, sehemu ile ya omu 60 inapata volti nyingi zaidi kuliko ile ya 32, tofauti ya karibu desibeli 5. Hiyo ndiyo besi iliyovimba. Hata HD 600, ambazo hupanda hadi kama omu 500 karibu na hezi 100, huongezewa desibeli 2 hivi, ingawa wengi huipenda nyongeza hiyo. Hedifoni za planari (zenye utando bapa badala ya koni) ukinzani wake ni tambarare, kwa hivyo hazibadiliki sauti hata kidogo.

Pili, nobu. Tundu la AUX (la kuingizia sauti kutoka nje) la risiva ya zamani linahitaji volti 0.15 tu kuifikisha amplifaya kwenye nguvu yake yote. Simu au adapta ya USB-C hutoa hadi volti 1, karibu mara saba. Ndiyo maana unalazimika kubaki kwenye robo ya kwanza ya nobu, na hapo ndipo potenshomita (vidhibiti vilivyo nyuma ya nobu) za zamani zinapokosa ulinganifu kati ya kushoto na kulia. Hilo la tatu si ugonjwa. Ndivyo potenshomita mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja zilivyo.

Dawa: tengeneza adapta. Nunua plagi ya milimita 6.35 ya stirio, tundu la kike la milimita 6.35 au 3.5 kulingana na hedifoni zako, na rezista mbili za omu 33, robo wati. Rangi zake ni chungwa, chungwa, nyeusi na dhahabu. Zipime kwa mita kabla ya kuzitumia, maana kwenye masanduku ya wauzaji wa River Road rangi ya chungwa na nyekundu huchanganywa. Unganisha plagi na tundu kwa waya tatu: ncha kwa ncha (kushoto), pete kwa pete (kulia), shina kwa shina (ardhi). Kisha lehemu rezista moja kati ya ncha na shina, na nyingine kati ya pete na shina. Zifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto ili miguu isigusane. Basi.

Sasa rezista ya risiva na hizi zako zinagawana volti. Sauti inashuka karibu desibeli 21 kabla hata hujavaa hedifoni, na ukinzani unaozikabili hedifoni unashuka kutoka omu 330 hadi 30. Ile tofauti ya desibeli 5 kwenye besi inakuwa kama 2. Nobu inafika katikati, ambako pande mbili zinalingana. Na bado hujakosa nguvu: hata kwa risiva ya wati 20, hedifoni za omu 32 zinapata miliwati 11, zinazotosha kabisa kwa zile za usikivu wa desibeli 98 au zaidi. Kwa vipuli vya masikioni (hedifoni ndogo za kuingiza sikioni) vyenye usikivu mkubwa tumia omu 10 badala ya 33. Mvumo wa amplifaya nao utazama. Kwa hedifoni za omu 250 na kwenda juu, usiweke adapta hii kabisa. Huihitaji.

Tumeona mafundi wakipendekeza njia ya mkato: kuondoa zile rezista za ndani na kuunganisha tundu moja kwa moja. Kataa. Plagi inapoingia kwenye tundu, ncha na pete hugusana na shina kwa sekunde kidogo. Rezista ya omu 330 inaimeza hali hiyo bila taabu. Bila hiyo, umeunganisha chaneli za amplifaya kwa mkupuo mfupi (shoti), na transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zinaweza kwenda.

Ukitaka kujua rezista za risiva yako ni za omu ngapi bila kuifungua, cheza mlio wa hezi 100 kutoka kwenye simu, pima volti za AC kwenye plagi isiyo na mzigo, kisha weka rezista ya omu 100 kati ya ncha na shina na upime tena. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, gawanya kwa kile cha pili, zidisha kwa 100. Ukipata volti 1.00 halafu 0.23, jibu ni kama omu 335. Zile mita za manjano za bei nafuu hazina kipimo kidogo cha AC, huanzia volti 200. Kwa hizo panda hadi volti 5 ili kosa liwe dogo, na uhakikishe hakuna aliyevaa hedifoni.

Nikifika dukani niangalie nini? Sina ujuzi wa ufundi.
Msomaji, Rongai

Beba vitu vinne: vipuli vya masikioni vya bei rahisi usivyovihurumia, adapta ya kutoka 3.5 hadi 6.35, waya wa kutoka simu hadi plagi mbili za RCA (zile nyekundu na nyeupe), na mita. Hedifoni zako nzuri ziache nyumbani.

Kabla ya stima kuwashwa, soma bamba la nyuma. Volti ngapi? Hezi ngapi? (Tazama swali linalofuata.) Chungulia kwenye matundu ya juu kwa tochi ya simu. Kapasita kubwa mbili karibu na transfoma ziwe na vichwa bapa. Kilichovimba au chenye ute wa kahawia kimekufa. Ubao ulioungua una doa jeusi karibu na rezista. Na tafuta mende. Tunasema kweli: kisanduku chenye joto ndicho nyumba wanayoipenda, na kinyesi chao hula njia za shaba kwenye ubao. Risiva iliyokaa na mende kwa miaka ni kazi ya fundi mvumilivu, si yako.

Iwashwe ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, nobu ya sauti ikiwa sufuri. Zile zenye relei (swichi inayojiwasha yenyewe) ya ulinzi zitalia "tak" baada ya sekunde chache. Zisipolia, kuna volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, usiotakiwa hapo) kwenye njia ya spika, au saketi ya ulinzi ni mbovu. Muuzaji akikuambia "huwa inachelewa tu", ondoka.

Sasa mita. Iweke kwenye DC, milivolti 200; hata ile ya manjano inayo. Swichi ya spika iwe A. Gusa kituo chekundu na cheusi cha spika ya kushoto, halafu ya kulia, baada ya dakika tano za kupata joto. Chini ya milivolti 30 ni safi. Hadi 50 ni sawa. Ikizidi 100 inahitaji kurekebishwa, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Ukiona volti nzima, iwe 5 au 30, huenda transista za mwisho zimekufa. Kwa hedifoni, rezista ile ya ndani inakukinga kiasi: milivolti 100 zinabaki 9 tu kwa hedifoni za omu 32. Lakini volti 30 zinapitisha karibu miliampea 83, na koili ndogo ya hedifoni inaweza kuungua. Ndiyo maana ya vile vipuli vya bei rahisi.

Chomeka vipuli, sauti ikiwa sufuri, chochote kisicheze. Sikiliza. Mvumo mdogo sana si neno. Mvumo mkubwa usiobadilika unapozungusha nobu unatoka kwenye kapasita za umeme, zile kubwa karibu na transfoma. Unaobadilika na nobu unatoka kwenye waya au tundu la kuingizia. Mlio kama mvua ya mbali au mahindi yanayopasuka kwenye chaneli moja, hata sauti ikiwa sufuri, ni transista ya mwanzoni iliyochoka. 2SC458 za Hitachi na 2SA726 zinajulikana sana kwa hilo.

Kisha cheza muziki unaoujua kupitia AUX au TAPE, kamwe si PHONO: mlango wa PHONO umeandaliwa kwa sindano ya santuri inayotoa milivolti chache, nao huongeza besi na kupunguza milio ya juu. Zungusha kila nobu, bonyeza kila kitufe. Mchakacho ni uchafu, na uchafu unasafishika. Sauti inayokata kabisa upande mmoja unapotikisa plagi ni tundu lililolegea. Linabadilishwa, si kazi kubwa. Sauti nyembamba na yenye mikwaruzo upande mmoja pekee, hata baada ya kuchezesha nobu zote, ni ubovu wa ndani.

Na iache iwake nusu saa nzima. Muuzaji atachoka, wewe usichoke. Ubovu mwingi wa risiva za zamani hujitokeza zikishapata joto.

Nimepewa Marantz iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Na jirani anauza nyingine kutoka Japani ya 100V. Zinafaa kwa stima yetu?
Msomaji, Donholm

Ya Marekani inafaa ukiwa na transfoma ya kushusha, kutoka volti 240 hadi 120. Soma wati au ampea kwenye bamba la nyuma la risiva na uchague transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu hadi mara mbili. Kwa risiva ya wati 15 hadi 35, VA 300 (volti mara ampea) zinatosha. Kwa kuwa vibandiko vya transfoma nyingi za sokoni hutia chumvi, nunua ya 500. Kuichomeka moja kwa moja kwenye ukuta ni kuizika: ukiwa na bahati fyuzi itakatika, ukikosa bahati transfoma yake ya ndani na kapasita vitakwenda pamoja.

Transfoma ya kushusha haibadilishi hezi. Zetu ni 50. Transfoma iliyochongwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwa 50, kwa sababu chuma chake hukaribia kujaa sumaku. Nyingi zilizotengenezwa Japani zinavumilia. Ipime hivi: iwashe saa moja, uchomoe, fungua kifuniko, weka kiganja juu ya transfoma. Usipoweza kukihimili kwa sekunde tano, hiyo si ya kutumia kila siku.

Ya 100V isukumiwe mbali. Ukiitia kwenye transfoma ya 120 unaizidishia asilimia 20. Kushusha hadi 100 kunawezekana kwa transfoma maalumu, ila redio yake ya Japani inashika megahezi 76 hadi 90, kwa hivyo hapa Nairobi utabaki na kipande kidogo tu cha FM. Kama unatumia simu pekee, hilo halikuhusu. Tukiwa kwenye redio: risiva za Marekani za kidijitali za miaka ya 1980 nyingi huruka kwa hatua za 0.2, zikisimama kwenye 98.3 na 98.5. Capital FM ya 98.4 inapita katikati. Zile za mshale hazina shida hiyo.

Bora kuliko zote ni risiva yenye kichaguzi cha volti nyuma: 110, 120, 220, 240. Ichomoe ukutani, iweke 240, na ubadilishe fyuzi: kama ni ampea 4 kwa 120, weka 2 kwa 240. Ukikuta ya Ulaya ya 220 pekee, stima yetu inaizidishia kama asilimia 9. Njia ya ndani ya volti 35 inakuwa 38. Kapasita zake zikiwa zimeandikwa 50V, sawa. Zikiwa 35V, zibadilishwe kabla.

Tahadhari ya mwisho hapa: yale matundu ya stima yaliyo nyuma ya risiva, yaliyoandikwa AC OUTLET, hutoa volti zile zile zinazoingia. Ukiiweka risiva kwenye 240, usichomeke humo mashine ya santuri ya Kimarekani.

Na plagi ya risiva ya 220 au 240: kata ile ya pini mbili, funga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, si 13. Kusukuma kalamu kwenye tundu la ardhi ili pini mbili ziingie ni tabia tunayoiona kila nyumba, na haifai. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, gadi ya fridge itaokoa risiva kama inavyookoa fridge. Hungoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme.

Ni salama kutumia hedifoni bila spika kuunganishwa?
Msomaji, Ngara

Ndiyo, kwa risiva ya transista. Weka swichi ya spika OFF, au acha vituo vitupu visivyogusana. Amplifaya ya valvu ndiyo isiyotaka kuachwa bila mzigo, kwa sababu ya transfoma yake ya kutolea sauti.

Nobu zinachakacha na kuna mvumo. Fundi anataka kupulizia WD-40 na kubadilisha "kapasita zote". Nimruhusu?
Msomaji, Kayole

La kwanza hapana, la pili nusu.

WD-40 ya kawaida huacha mafuta yanayonasa vumbi, na ndani ya miezi mchakacho unarudi ukiwa na nguvu zaidi. Dawa ni ile ya kusafishia swichi za umeme, kama DeoxIT D5. Risiva ikiwa imechomolewa, elekeza mrija kwenye tundu dogo la potenshomita kwa nyuma, pulizia mara moja kwa muda mfupi, zungusha nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Rudia kwa kila kitufe, hata usivyovitumia, hasa TAPE MONITOR; hicho ndicho huzima chaneli moja na kumfanya mtu adhani amplifaya imekufa. Subiri saa moja kabla ya kuwasha.

Kuhusu kapasita, za kubadilisha kwanza ni za umeme, kama mvumo ni ule usiobadilika na nobu. Uwezo uwe ule ule wa maikrofaradi, volti ziwe sawa au juu zaidi, na ziwe za nyuzi joto 105. Apime kipenyo na urefu kabla ya kwenda kununua. Ukiona kapasita "kubwa" iliyo nyepesi kama ganda, ni ya bandia. Zilizobaki abadilishe zilizopimwa na kuonekana zimechoka. Mtu anayeng'oa kapasita 60 kwa siku moja bila kuwasha katikati atapata tabu kubwa kujua ni ipi aliyoigeuza.

Baada ya kazi yoyote ya ndani, dai iwashwe kwa mara ya kwanza kupitia balbu. Balbu ya nyuzi, ya wati 60 kwa risiva ndogo, inafungwa mfululizo na waya mmoja wa stima. LED haifai. Ikiwaka sana kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mkupuo mfupi ndani, na balbu imekuokolea transista. Na asikatishe chaji ya kapasita kwa bisibisi; atumie rezista ya omu 100 au 220 ya wati 5.

Nina HiFiMAN HE-6. Tundu la risiva yangu ya wati 20 linazifanya zisikike kama zimechoka. Naweza kuzifunga kwenye vituo vya spika?
Msomaji, South B

Hizo ni miongoni mwa chache zinazostahili. Ni omu 50, usikivu desibeli 83.5 tu kwa miliwati 1. Tundu lako linazipa miliwati 55 hivi, yaani desibeli 101 kwenye kilele cha juu kabisa. Muziki wenye mishtuko mikubwa hauna nafasi hapo. Vituo vya spika vinazipa wati 3.2, desibeli 118.5.

Lakini hapo hakuna rezista ya kukukinga. Pima milivolti za DC kila mara kabla ya kuvaa, na zisizidi 20. Pima pia kwa mita ya omu, risiva ikiwa imechomolewa, kama vituo vyeusi viwili vimeunganishwa pamoja. Visipounganika, plagi yoyote yenye shina moja kwa pande zote itaunganisha yasiyotakiwa kuunganishwa. Tumia waya wa pini nne uliotenganisha kushoto na kulia, zima kitufe cha LOUDNESS (kinachoongeza besi), anza na sauti sufuri. Na usiwahi kuwasha au kuzima risiva ukiwa umevaa hedifoni.

Nikichomeka hedifoni zangu za simu kwa adapta, muziki unasikika lakini mwimbaji anapotea, kama yuko chooni.
Msomaji, Zimmerman

Hedifoni zako zina maikrofoni, na plagi yake ina mistari mitatu ya plastiki badala ya miwili. Ndani ya adapta, waya wa ardhi haujagusa mahali pake, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Mwimbaji, ambaye yuko pande zote sawa, anafutika. Vuta plagi nje kama milimita moja uone kama sauti yake inarudi. Ikirudi, nunua adapta nyingine nzito kidogo, au kiunganishi kinachogawa maikrofoni na sauti, na uchomeke upande wa sauti pekee.